Maji ya Mguu wa Meza

Jumanne, siku ya kwanza ya maji

Daftari hili ni la Fundi, seremala mwenye nyumba. Mbele kuna oda za watu: kabati milango miwili, kitanda cha bi harusi, meza ya mwalimu. Nyuma kurasa ni nyeupe. Amenipa pamoja na penseli yake bapa, akasema, "Andika, mwanangu. Mumeo akirudi asije akasema tunamtungia hadithi."

Maji yaliingia asubuhi. Si ya mvua yetu, ni mto wa huko juu uliovunja kingo. Karakana iko chini, vyumba viko juu, kimoja chake na kimoja chetu. Saa nne maji yalifika kwenye benchi la kazi, saa sita yakawa ngazi ya saba. Kila mtu alipandisha alichoweza. Mimi nilibeba mtoto na gunia la mkaa lililobaki robo. Mama mkwe alibeba sufuria, ndoo mbili na kibweta chake. Fundi alipandisha viti, miguu ya meza, kabati lisilo na milango na mbao za kitanda, akavipanga kwenye korido kama mtu anayehamia kwake mwenyewe.

Mume wangu ni dereva wa lori la saruji. Aliondoka Jumapili. Leo alipiga mara moja, akasema daraja limekatika, yuko ng'ambo, yuko salama. Kisha simu yangu ikazima. Hiyo ndiyo habari yote niliyonayo na nimeikunja vizuri moyoni.

Mtoto ana mwaka na miezi minane. Tunamwita Kiroboto, kwa kuruka. Mama mkwe humwita "mke mwenzangu", utani wa bibi na mjukuu. Miezi miwili iliyopita aliharisha mpaka macho yakazama, muuguzi akamtundikia dripu ya kichwani. Siku tunatoka muuguzi alinishika mkono akasema, "Huyu akiharisha tena kabla hajarudisha mwili, usinitafute mimi, tafuta miujiza. Maji yake yachemke." Shule niliishia darasa la sita, lakini hilo nililisikia.

Jumatano, siku ya pili

Mvua. Tumetega ndoo chini ya bati. Ya kwanza tuliyamwaga, yanaosha vinyesi vya njiwa. Yaliyofuata nimeyachemsha. Kiroboto amecheka siku nzima, anadhani tumehamia kwenye beseni.

Alhamisi, siku ya tatu

Mvua. Maji ngazi ya tisa. Ngazi zote ni kumi na nne.

Ijumaa, siku ya nne

Mvua imekata, maji hayajaondoka. Mbingu imefunikwa kama sufuria iliyogeuzwa, haimwagi wala haifunuki.

Dirisha la mbele maji yana rangi za upinde wa mvua, ni mafuta ya magari na vanishi ya Fundi. Hayo muuguzi alisema hata uyachemshe mpaka kiama hayafai. Dirisha la nyuma hayana mafuta, ila ni kahawia kama chai ya maziwa. Tumefunga ndoo kwa kamba, tunachota huko.

Nilikuwa nayachuja kwa shuka lililokunjwa mara nne, na bado tope linapita. Mama mkwe akaniangalia, akaangalia, kisha akafungua kibweta. Akatoa kipande cha shabu kilichokonda kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Kilikuwa cha marehemu baba mkwe, alikuwa akijipaka kidevuni akishanyoa. Mama akakizungusha kwenye ndoo polepole, akakitoa, akakifuta, akakirudisha kwenye kitambaa chake. Baada ya muda tope lote liko chini na juu maji meupe pe!

"Umeona?" akasema. "Hata akiwa kaburini bado ananitekea maji."

Nikacheka, lakini nikayachemsha. Muuguzi alisema meupe si lazima yawe salama, kidudu hakivai nguo nyeusi ili ukione.

Jumamosi, siku ya tano

Mkaa umekwisha. Fundi ametoka na msumeno, amesimama mbele ya vitu vyake kama mtu anayechagua mbuzi wa kuchinja. Akaanza na meza ya mwalimu.

"Mguu mmoja, sufuria moja," akasema. Mbao iliyopigwa vanishi hataki ichomwe hivi hivi kwa sababu ya moshi, ameiparua kwanza kwa randa. Anaparua vizuri, kama vile inaenda kwa mteja. Nikamwambia, Fundi, inaenda motoni. Akanijibu, "Basi moto ni mteja mkorofi, hakopeshi wala harudishi."

Sufuria moja inatoa chupa tano. Nimezifunga nyuzi. Mbili za Kiroboto, uzi mweupe. Ya Mama, uzi mwekundu. Ya Fundi, uzi wa bluu. Yangu haina uzi. Nimewaambia wote, kila mtu na chupa yake, na za uzi mweupe ni mwiko.

Jumapili, siku ya sita

Leo tumekunywa mguu wa pili wa meza. Fundi anasema una ladha ya hesabu.

Jumatatu, siku ya saba

Mguu wa tatu. Wingu lile lile. Nimekaa dirishani nikitazama upande wa daraja. Hakuna kilichopita ila kuku mmoja juu ya mlango.

Chupa za Kiroboto zilitosha mpaka jioni, na nilidhani saa nane zitakuwa zimekwisha. Alhamdulillah, kidogo kikibarikiwa hutosha.

Jumanne, siku ya nane

Nimegombana na Mama.

Niliingia nikamkuta amechovya kikombe kwenye ndoo ya shabu, anakunywa.

"Mama! Hayo hayajachemka!"

"Yametulia."

"Kutulia siyo kuchemka!"

"Mimi nimekunywa maji ya bwawa tangu mama yako hajavunja ungo. Haya ni safi, huyo Fundi wako anaunguza mali za watu bure."

"Na chupa yako?"

"Nimeshaimaliza. Nina kiu, kwani kiu inaomba ruhusa?"

"Ukiugua nani atakuuguza humu ndani?"

"Wewe. Mkwe wangu mwingine yuko wapi?"

Akacheka, mimi sikucheka. Nikatoka koridoni nikamwambia Fundi kwamba wazee wanataka kutuua kwa kichwa kigumu. Fundi aliinamia meza ya mwalimu. Alikuwa anapima mguu wa nne kwa macho, ingawa hakuna cha kupima.

Jumatano, siku ya tisa

Mbao mbili za kitanda cha bi harusi. Fundi amesema usiku huu tutaota ndoa. Mimi nitaota bomba linalotoa maji.

Uzi mweupe umetosha tena mpaka jioni, na Kiroboto alikunywa mara sita, nilihesabu. Nimemwambia Mama kuna mkono wa Mungu katika chupa zile. Akasema, "Mungu ana mikono mingi."

Alhamisi, siku ya kumi

Fundi anasema leo ni Ijumaa. Tumebishana. Mama ameamua iwe Alhamisi kwa kuwa hana nguvu za Ijumaa.

Wingu.

Ijumaa, siku ya kumi na moja

Leo nimesema neno ambalo sijui kama lilikuwa sawa.

Mama amekunywa tena ya ndoo, nimemwona kwa macho yangu. Baadaye alimbeba Kiroboto, na mtoto akanyoosha mkono kwenye kikombe chake. Nikaruka. Nikakipokonya kile kikombe, nikamchukua mtoto, nikasema, "Kuanzia leo Mama na kikombe chako kule, mtoto huku. Usimlishe, usimnyweshe. Ukitaka kufa na ubishi wako kufa peke yako."

Nimeandika kama nilivyosema, sipunguzi.

Mama akasema, "Sawa." Akachukua kikombe, akaenda kukaa upande wa mlango. Angenitukana ningepumua. Kiroboto alimlilia, anamnyooshea mikono, na yeye anamwambia kwa mbali, "Nyamaza, mke mwenzangu, mama mwenye nyumba amekasirika."

Leo tumekunywa mgongo wa kabati.

Jumamosi, siku ya kumi na mbili

Kiti cha mwisho. Fundi alikikalia kwanza, akanywa chupa yake, akashukuru, akainuka, akakikata.

Jumapili, siku ya kumi na tatu

Kuni hakuna. Na jua limetoka!

Nilikumbuka picha iliyobandikwa kliniki, mama anayelaza chupa juu ya bati. Chupa nyeupe isiyo na rangi, maji yaliyotulia, ilale ubavu, kuanzia asubuhi mpaka alasiri jua lipige. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Picha ile niliitazama kila nilipopeleka mtoto kupimwa uzito, nikidhani ni ya watu wa mbali.

Nilizijaza chupa zote, Fundi akanishika miguu nikatoka dirishani mpaka kwenye bati la kibaraza. Bati lilikuwa la moto, nikafurahi linavyoniunguza. Nikazilaza zote tano, nyuzi zikiwa juu. Mama alikuwa amelala, akasema tumbo linamzunguka, ni njaa tu.

Saa sita wingu likarudi.

Nikakaa pale dirishani na kuliangalia. Mtu unaweza kumsihi mtu, unaweza hata kumsihi mbwa. Fundi akasema, "Hesabu yake ni siku mbili sasa. Ziache." Chupa tano za maji meupe kabisa, mkono wangu unazifikia, na siwezi kuzigusa. Kiroboto alikunywa mabaki ya jana, funda nne. Sisi wengine hatukunywa.

Jumatatu, siku ya kumi na nne

Mama anaharisha tangu alfajiri. Si kuharisha kwa kawaida, ni maji matupu, kama yaliyooshea mchele. Na anatapika. Kufikia saa tatu ngozi ya mkono wake nikiivuta inabaki imesimama.

Nilikuwa na hasira. Niandike ukweli, hasira ndiyo ilinijia kwanza. Nikatoka koridoni nikamwambia Fundi, "Si nilisema? Si nilimwambia yule mama? Kila siku anamaliza chupa yake halafu anafuata ya ndoo!"

Fundi alikuwa amekaa chini, kiti hana. Akasema, "Hajaimaliza hata siku moja."

"Nini?"

"Chupa yake. Hajainywa tangu siku ile ulipofunga nyuzi. Ukienda kuchota dirisha la nyuma, anaimimina kwenye zile za mtoto. Mlango wenu haufungi vizuri, mimi ndiye niliyeutengeneza, naona."

Nikasema, lakini zilikuwa zinatosha kwa baraka.

"Maji hayazai, mwanangu," akasema. "Ulidhani yanazaa?"

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema Mama alimwapisha. Alimwambia, huyu binti akijua ataacha kunywa na yeye, halafu tutakuwa na mtoto asiye na bibi wala mama, na baba yupo ng'ambo ya daraja.

Niliporudi chumbani Mama alikuwa ananiangalia. Alijua kwamba nimeambiwa. Akasema, "Fundi naye ana mdomo kama karakana isiyo na mlango."

Nikampigia magoti, nikamshika miguu. Miguu ilikuwa baridi. Nikasema Mama nisamehe lile neno la Ijumaa. Akasema, "Nilishasema sina nguvu za Ijumaa." Kisha akatapika.

Muuguzi alinifundisha siku ile ya dripu, lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Sukari ninayo, chumvi ninayo. Maji yako juu ya bati na wingu liko juu ya maji.

Hapo ndipo Fundi alipoingia na randa yake. Ile ya mbao, aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, mahali pa kushika pamekuwa laini kama shavu. Ameshachomoa kisu chake cha chuma. Nikamwambia hapana, Fundi. Akasema, "Niparue nini tena? Kila nilichokiparua mmekinywa." Akaipasua kwa shoka, akaongeza mpini wa nyundo na wa patasi. Mti ule ni mgumu, uliwaka polepole na moto wake haukuwa na moshi hata kidogo. Ulitosha chupa moja na nusu.

Ile nusu nilimpa Kiroboto, Fundi akagoma kugusa. Chupa nzima nikaweka sukari na chumvi, nikamnywesha Mama kwa kijiko. Kijiko, natulia, kijiko, natulia. Vikishuka vitatu vinarudi viwili. Kila mara alikuwa anatazama kwa mtoto kabla ya kufungua mdomo. Nikamwambia ameshakunywa, Mama, naapa. Akasema, "Kunywa na wewe nione." Nikanywa kijiko kimoja. Hapo akakubali.

Jumanne, siku ya kumi na tano

Nitaandika haya polepole maana nataka yakae sawasawa.

Asubuhi nilishusha chupa za bati. Siku mbili zimetimia, ingawa siku zenyewe zilikuwa na jua la kuombaomba. Mbili za uzi mweupe nikamwekea Kiroboto. Tatu nikamtengenezea Mama. Mpaka saa saba zilikuwa zimekwisha. Zilikuwa zinapita ndani yake kama mtu anayepita kwenye nyumba isiyo yake. Hakuwa anatapika tena sana, lakini sauti ilikuwa imekauka, na macho yamekwenda mbali, kama ya Kiroboto wakati ule.

Saa nane tukasikia injini. Boti! Fundi alipunga shuka, ikaja chini ya dirisha. Yule yule muuguzi, nilimjua kwa miwani yake iliyofungwa plasta. Boti ilikuwa imejaa watoto na mwanamke mmoja mwenye mimba, maji yanakaribia ukingo.

"Una mgonjwa?" akapaza sauti.

"Mama mkwe. Tangu jana."

"Na mtoto?"

"Mtoto mzima."

Alifumba macho kidogo. Akasema hawezi kuongeza hata paka, atarudi kesho asubuhi, Mama atakuwa wa kwanza. Akarusha mfuko. Vidonge vya maji, na pakiti tano za chumvi za kuchanganya. "Kidonge kimoja ndoo moja! Koroga, funika, subiri nusu saa! Halafu mnyweshe, usiache!" Boti ikageuka polepole, watoto wote wakinitazama.

Ndoo ya shabu ilikuwa imetulia. Nikatumbukiza kidonge. Kikashuka kinatoa mapovu kama kinacheka. Nikakoroga, nikafunika.

Nusu saa. Simu imekufa, saa hatuna (hizi ninazoandika nakisia kwa mwanga), jua halionekani. Nikasema nitahesabu mpaka sitini, kila sitini mstari mmoja hapa kwenye daftari, ikifika thelathini yameiva.

| | | | | | |

"Maji," Mama akasema.

Bado, Mama. Yanaiva.

| | | |

"Mwanangu, maji."

Hajawahi kuniita mwanangu. Alikuwa akiniita mama Kiroboto, au wewe. Fundi alikuwa mlangoni, akasema, "Mpe tu." Nikasema muuguzi amesema nusu saa. Nimechemsha nyumba nzima ya samani kwa sababu ya neno la muuguzi, nitalivunja leo? Tena kwa huyu, aliyekunywa mabichi siku nane kwa ajili yetu? Nilitaka anywe maji salama. Nilitaka mara hii moja anywe yaliyo salama kabisa, ya kwake, ya uzi mwekundu.

| | | | | | | |

Nilikuwa nimeshika mkono wake kwa mkono wa kushoto na penseli kwa wa kulia. Kiroboto alitambaa akapanda godoroni, akalala kifuani kwake. Sikumwondoa. Mama akainua vidole, akavirudisha. Hakuomba tena. Nikafurahi, nikadhani kiu imempunguzia, yale ya mchana sasa yanafanya kazi.

| | | | | | | | | | |

Hiyo ni thelathini. Nilihesabu zote, sikuruka hata moja. Nikafunua ndoo, nikachanganya pakiti, nikajaza chupa yenye uzi mwekundu mpaka juu. Nikamwinua kichwa.

Fundi ndiye aliyenitoa kijiko mkononi.

Jumatano, siku ya kumi na sita

Boti ilikuja mapema kama ilivyoahidi. Imembeba Mama mpaka shule ya kilimani, ndipo pakavu. Fundi amekwenda kuzika. Hakuwa na ubao hata mmoja wa kumtengenezea chochote, na hilo linamuuma kuliko randa.

Nilimuuliza muuguzi, ningempa bila kusubiri? Alivua miwani, akaifuta. Akasema, "Usijiulize hilo, mdogo wangu."

Hilo si jibu.

Alhamisi

Ngazi ya kumi. Ngazi ya tisa. Maji yanaondoka bila hata kuaga.

Jumamosi

Kiroboto mzima. Anaenda kwenye kona ya mlango, anatazama, anarudi.

Jumatatu

Chini kuna tope mpaka gotini. Fundi amepata benchi lake limepinduka, zima. Amekaa juu yake bila kufanya kitu.

Alhamisi

Mume wangu amefika leo saa tisa, kwa miguu, tope mpaka kiunoni. Alipanda ngazi akituita mmoja mmoja. Alimrusha Kiroboto juu mpaka karibu na dari, akanikumbatia, akasema nimekonda kama penseli ya Fundi. Kisha akaikimbilia ndoo na kikombe.

Nikamshika mkono. "Usinywe. Nimeweka kidonge sasa hivi. Nusu saa."

"Nusu saa? Nimetembea siku mbili!"

"Nusu saa."

Akacheka. Saa yake ya mkononi inafanya kazi, akaitazama. "Mama kalala?"

"Kaa kwanza," nikasema. "Maji hayajaiva."

Akakaa sakafuni, viti hatuna. Akasimulia. Lori lilivyokwama, saruji ilivyogeuka mawe mgongoni mwa lori, jinsi walivyolala juu ya paa la soko, na kila siku alikuwa anawaambia wenzake, mimi sina wasiwasi, mama yangu yuko nao. Alisimulia vizuri, kwa mikono, na Kiroboto akacheka kila alipocheka. Sikumkatiza. Kila akitazama saa, nami namuuliza bado ngapi. Ishirini. Kumi na mbili. Nne. Hapo kwanza nilikuwa nataka zile dakika ziishe upesi. Leo ningeweza ningezirudisha zote ndooni.

Zikaisha. Nikamjazia kikombe, akanywa mpaka chini. Akajifuta mdomo, akatafuta mengine kwa macho, akaiona chupa dirishani, imejaa mpaka juu, na uzi wake mwekundu.

"Hii ya nani?" akauliza.